Siku Nilipomwingiza Fahmi Wodini

Mimi ni Bi Saada wa Jadida, hapa Wete, na nitakalolisema leo nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa Moza, wifi yangu, ambaye akisimulia huongeza chumvi mpaka mtungi ukafurika. Kosa lilikuwa langu. Moza atawaambia lilikuwa langu mara tatu. Lilikuwa langu mara moja, na hiyo moja ilinitosha.

Mjukuu wangu Samiha, miaka sita, alikatazwa kupanda mpera wa jirani asubuhi, akakatazwa adhuhuri, na alasiri akaupanda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alivunjika hasa, paja la kushoto. Daktari akamlaza, mguu ukafungwa bendeji ndefu na kuning'inizwa uzito kwa kamba ili mfupa unyooke. Wiki nne kitandani. Mama yake, mke wa mwanangu, alikuwa ndani ya arubaini, amejifungua juzi, hatoki. Basi wa kukaa na mgonjwa nikawa mimi. Nikafunga mkeka, nikachukua chupa yangu ya chai na kanga tatu, nikahamia wodi ya watoto.

Sasa nikwambieni kitu. Mimi nimezuru wagonjwa maisha yangu yote. Aliyevunjika nimemzuru, aliyezaa nimemzuru, aliyeng'olewa jino moja tu nimempelekea uji. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake, na mie haki za watu silali nazo. Kwa hivyo zamu yangu ilipofika nilitaka na mimi nizuriwe, nikae pale kitandani watu waje. Wakaja, alhamdulillahi. Mikate ya kumimina, mofa, samaki wa kupaka, ndizi za nazi. Mabakuli yakajaa chini ya kitanda cha Samiha mpaka wenzangu wa wodini wakaanza kuniita mama wa walima, kama niliyefanya harusi.

Lililonikera ni moja. Muuguzi wa zamu, Ruweida, mtoto wa juzi, mimi nilikuwepo alipozaliwa, alikuja siku ya kwanza akanishika mkono kwa adabu.

"Shikamoo Bi Saada. Naomba wageni waje bila watoto. Humu mna maradhi ya kila namna. Mtoto huingia mzima akatoka na lake."

"Marahaba. Maradhi huletwa na Mungu, mwanangu."

"Na mvua huletwa na Mungu, Bi Saada, na mwavuli unao."

Wenzangu wakacheka. Nikanyamaza, lakini nilinyamaza kama pilipili inavyonyamaza kwenye mchuzi. Mtu atoke Mgogoni kuja kumzuru mjukuu wangu, halafu watoto wake wazuiwe getini kama mbuzi? Huo ni uungwana wa wapi? Siku ya pili nikaugundua mlango wa nyuma, ule wa upande wa kufulia mashuka. Tangu hapo kila mgeni mwenye mtoto nikampitisha huko. Daftari la mlinzi halikuandika mtoto hata mmoja, na mie nikajiona hodari.

Aliyebaki kuja ni mmoja tu, binti yangu Mwanabaraka.

Huyu ndiye mwanangu wa pekee wa kike. Ameolewa Gando na Seif, mwalimu wa skuli, kijana mpole kama maji ya mtungini. Walikaa miaka kumi na moja bila mtoto. Nimeona yule msichana akibeba watoto wa watu kwenye harusi na kuwarudisha kwa mama zao, nami nikienda msalani kulia. Mwaka jana Mwenyezi Mungu akafungua, akampa Fahmi. Alikuwa na miezi saba wakati wa kisa hiki, mashavu yamejaa, meno mawili chini, na akikuona hucheka kabla hujamfanyia kitu.

Mwanabaraka akanipigia simu. "Mama, Ijumaa nakuja kumuona Samiha. Fahmi nitamwacha kwa mama mkwe."

"Umwache kwa nini? Samiha kutwa anamlilia mdogo wake huyo."

"Hospitali, mama. Mtoto mdogo."

Na hapo ulimi wangu, ambao hauna mfupa wala mlezi, ukasema: "Miaka yote nimemlea nani mimi? Au huyo wa kwako wa yai, ukimtoa nje atapasuka? Mgonjwa hazuriwi nusu nusu, Mwanabaraka. Kama unaona haya na sisi, sema."

Halafu akasema, "Haya, mama. Nitakuja naye."

Wakaja baada ya Sala ya Ijumaa. Siku hiyo, kwa bahati yangu mbaya, mlango wa kufulia, uliopitisha wengine mchana, ulikuwa umeshafungwa. Nikamchukua Fahmi, nikamweka kifuani, nikavuta buibui langu juu yake, nikapita mbele ya meza ya Ruweida nikitembea kama mtu mwenye mzigo wa heshima. Tulipofika mezani Fahmi akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," nikasema, kama vile chafya imetoka puani mwangu.

"Yarhamukillahu, Bi Saada," akajibu Ruweida bila kuinua kichwa.

Tulicheka siku ile! Samiha alicheka mpaka uzito wa mguuni ukacheza. Fahmi akapita mikono yote ya wodi, huyu ambusu, huyu amnuse kichwa. Alipochoka akalala, nikamlaza mwishoni mwa kitanda cha pili, kwa jirani yetu Mwatima. Huyu alikuwa mama mgeni kutoka kambi za karafuu, amelazwa na mwanawe Vuai, miaka mitatu, tangu jana yake. Vuai alikuwa na homa, macho mekundu, pua inatiririka, anakohoa.

"Bi Saada," Mwatima akaniambia taratibu, "mwanangu anakohoa sana. Labda umlaze pengine."

"Aa, kikohozi tu hicho, usijali. Watoto hawa ni wamoja."

Fahmi akalala pale saa nzima.

Jumatatu asubuhi Vuai akaamka na vipele. Vilianza nyuma ya masikio, vikashuka usoni na shingoni. Daktari akaja, akamfungua kinywa, akatazama, akauliza kadi ya kliniki. Mwatima akasema hana. Wamehama kambi hadi kambi msimu mzima, kila mwezi wakisema mwezi ujao. Daktari akasema neno moja.

"Surua."

Wakamhamisha Vuai na mama yake chumba cha peke yao, mara ile ile. Kisha Ruweida akapita kitanda kwa kitanda kukagua kadi. Wawili hawakuwa wamechanjwa, wakachomwa sindano asubuhi ile ile. Ya Samiha ilikuwa imejaa, ya miezi tisa na ya mwaka na nusu, zote mbili. Siku nne amelala hatua mbili kutoka kwa Vuai, na daktari akasema huyu msiwe na wasiwasi naye. Nikashusha pumzi. Halafu nikamkumbuka Fahmi.

Ruweida alikuwa amesimama na daftari la mlinzi. "Nashukuru Mungu kwa jambo moja," akasema. "Tangu Vuai alazwe hawakuingia watoto wageni. Surua haihitaji kugusana, inaelea hewani. Mgonjwa akitoka chumbani, yenyewe bado inabaki kama saa mbili."

"Na kama mtoto alikuwemo?" nikauliza.

"Kama hajachanjwa, achanjwe ndani ya siku tatu tangu alipokutana nayo. Akiwahi, mara nyingi haimshiki, au humshika kidogo. Aliyekuwemo Ijumaa alasiri, muda wake unaisha leo alasiri, basi. Ikipita hapo, chanjo haiwahi tena."

"Hata wa miezi saba?"

"Kwa hali kama hii, kuanzia miezi sita anachomwa." Akalifunga lile daftari. "Bi Saada. Miezi saba ni nani?"

Mficha uchi hazai. Nikamwambia yote, mlango wa kufulia, buibui, chafya. Nilitamani anigombeze, kwa sababu ugomvi naujua, ningemjibu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha Vuai akanitazama tu, na mie nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

"Wangapi, Bi Saada?"

"Majina siyakumbuki yote. Lakini ngoja." Nikainama, nikayavuta mabakuli chini ya kitanda.

Maana kwetu bakuli la kuzuria ni kama mtu. Kila mwanamke ana alama yake chini ya chombo, rangi ya kucha, mkwaruzo wa msumari, uzi kwenye kishikio, ili kwenye harusi na hitima vyombo visipotee. Nikayageuza moja moja. Doti mbili nyekundu ni Bi Ummkulthum wa mtaa wa juu, aliyekuja Alhamisi kabla Vuai hajalazwa, huyo tukamwacha. Msalaba wa buluu alikuja peke yake. Uzi wa kijani ni mke wa fundi baiskeli wa Jadida, alikuja Ijumaa na pacha wake. Bakuli la maua la Maskati ni Moza wa Mgogoni, Ijumaa, na mjukuu. Na hotpoti ndogo nyeupe isiyo na alama, ya Mwanabaraka, maana mtu hawekei alama chombo anachompelekea mama yake.

"Nyumba tatu," nikasema. "Watoto wanne."

Nikampigia Mwanabaraka. Simu ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Kimya.

Daktari akatoa gari, dereva Msellem, na Ruweida akapanda na kile kiboksi cha baridi cha chanjo. Samiha nikamwachia mama wa kitanda cha tatu. Mimi nikakaa mbele na mabakuli mapajani. Msellem akauliza tuanzie wapi.

"Jadida," nikasema. "Ndiyo karibu. Kisha Mgogoni. Gando mwisho."

Nilisema ni kwa sababu ya barabara. Uongo. Nilikuwa naogopa uso wa mwanangu.

Pacha wa fundi baiskeli kadi zao zilikuwa safi. Mama yao akanishukuru na kulipokea bakuli. Mgogoni ndiko kulikokuwa na kazi.

"Sindano?" Moza akasema, mikono kiunoni. "Mjukuu wangu huyo hapo anamkimbiza kuku. Mtoto mzima achomwe ya nini?"

"Kadi yake iko wapi?" nikauliza.

"Kadi ililiwa na mbuzi."

"Mbuzi akachanjwa, mtoto hakuchanjwa?"

"Saada, usinichezee. Nipe bakuli langu."

Nami nikakumbuka bakuli lile analipenda kuliko mumewe. Ndugu yake alimletea kutoka Maskati, na halijapata kuazimwa. Nikalinyanyua juu ya ngazi za mawe.

"Chagua, Moza. Sindano au bakuli."

"Huthubutu!"

"Wallahi nathubutu. Leo nimeshamwaga aibu yangu yote, bakuli litanishinda?" Nadhani alichokiona si bakuli, ni uso wangu. Akalainika. "Kuna nini, wifi yangu?" akauliza. Nikamwambia. Basi mwenyewe akamkimbilia mjukuu, akamdaka pamoja na kuku, akamshika, na Ruweida akamchoma. Mtoto akalia, kuku akalia, Moza akalia. Tulipoingia garini nikamrudishia bakuli lake, akalichungulia.

"Bakuli halirudi tupu, Saada! Umetia nini humu?"

"Nimekutilia mjukuu!" nikampigia kelele, na Msellem akaondoa gari.

Tulifika Gando adhuhuri imeshasaliwa. Sasa utani wote ulikuwa umeniisha. Mwanabaraka alikuwa uani, Fahmi mgongoni, anatwanga. Simu ilikuwa imewekwa chaji kwa jirani. Alipoliona gari la hospitali akauacha mchi.

"Samiha?"

"Samiha hajambo," nikasema. "Ni Fahmi. Yule mtoto niliyemlaza Fahmi kitandani kwake, ana surua. Mama yake alinikataza, sikumsikia. Wewe ulinikataza, sikukusikia. Ruweida alinikataza, nikampita na buibui. Ni mimi, mwanangu. Hakuna mwingine."

Alimtoa Fahmi mgongoni akamkumbatia mbele, akamtazama nyuma ya masikio, kifuani, tumboni. Fahmi akacheka, akidhani anachezewa.

"Hana kitu bado," Ruweida akasema. "Na tunaweza kuwahi. Tumchome sasa."

"Kadi inasema miezi tisa," Mwanabaraka akajibu, naye alikuwa hamtazami Ruweida, ananitazama mimi. "Ana saba. Juzi mama aliniambia mtoto hadhuriki. Leo anakuja kuniambia achomwe kabla ya wakati. Nimsikilize mara ngapi?"

Nikafungua mdomo.

"Mama, usiseme. Tafadhali." Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Ruweida nitamsikiliza. Wewe nenda kakae nje."

Nikaenda. Mimi, Saada, ambaye sijapata kuambiwa nitoke nje nikatoka, nilitoka, nikakaa juu ya kinu kikuukuu kilichopinduliwa kando ya mlango wa jikoni. Nilisikia Ruweida akieleza pole pole, yale yale ya siku tatu na miezi sita, na Mwanabaraka akiuliza, tena maswali mazuri kuliko yangu. Je, homa? Inawezekana kidogo, baada ya wiki. Je, hii ndiyo ile ya miezi tisa? Hapana, hii ni ya kumwokoa tu, ya miezi tisa atakuja kuchomwa kama kawaida. Nikatazama kivuli cha mnazi, alasiri inakaribia. Nikasema, Yarabi, mimi nikose kila kitu, huyu asikose mtoto.

Ndipo nikasikia kilio cha Fahmi, kikali, cha hasira. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Mwanabaraka akatoka. "Ruweida amesema tumtazame wiki tatu. Wiki hizo, mama, usije. Wewe unatoka wodini." Akamfunika Fahmi. "Si kwa hasira." Akafikiri. "Na kwa hasira pia."

"Haki yako," nikasema.

Wiki tatu! Nilikaa wodini nikawa mlinzi kuliko mlinzi. Mgeni akija na mtoto namkuta getini mimi mwenyewe, namwambia mtoto abaki na mlinzi hapo nje, na akinijibu kwamba maradhi huletwa na Mungu, namuuliza habari za mwavuli. Ruweida akinipita anaficha kicheko. Vuai, masikini, siku za mwanzo alikuwa hoi, macho hayafunguki, na mama yake nilimpelekea chakula mpaka mlangoni mwa chumba chao. Sikumlaumu. Yeye alinikanya kwa adabu, mimi ndiye sikusikia. Siku ya kumi Vuai akaomba mkate wa kumimina, akaumaliza, akaomba mwingine, wodi nzima tukapiga vigelegele.

Binti yangu hakunipigia. Seif ndiye aliyekuwa akituma ujumbe kila magharibi. "Hajambo, mama." Siku ya nane ukaja mwingine. "Ana joto tangu alfajiri."

Nilimkimbilia Ruweida na simu mkononi. Akasoma, akanikalisha. "Inaweza kuwa chanjo yenyewe, Bi Saada. Wengi hupata homa siku kama hizi. Inaweza kuwa surua pia, sitakudanganya. Tusubiri vipele." Nilisubiri. Sikula, hata mofa. Samiha akanishika mkono, yeye mwenye mguu juu, akanibembeleza mimi. Kesho yake magharibi Seif akatuma: "Homa imeshuka. Kafuata paka mpaka uani kwa kutambaa." Nikakaa sakafuni nikalia, nikasali rakaa mbili za shukrani, halafu nikala mabakuli mawili.

Wiki tatu zikapita. Fahmi hakutoka hata kipele kimoja. Mjukuu wa Moza naye salama, na Moza sasa huwaambia watu kwamba alimpeleka kuchanjwa kwa akili yake mwenyewe. Samiha akarudi nyumbani na magongo, akauangalia mpera, nikauangalia na mimi, akaingia ndani.

Lakini Gando bado kulikuwa kimya. Nilikuwa nimeruhusiwa kwenda na sikwenda. Nilipika mara mbili, nikavaa, nikavua.

Asubuhi moja, miezi miwili karibu baada ya yale, nikasikia hodi. Ni Mwanabaraka, na Fahmi ubavuni, mnene zaidi, meno manne. Hakusalimu. Alinipa kadi ya kliniki mkononi.

"Ametimiza tisa," akasema. "Seif yuko skuli, na mimi mtoto akichomwa nafumba macho. Anatakiwa mtu wa kumshika asimwachie." Akamnyoosha mtoto kwangu. "Mshike wewe."

Nikampokea. Alikuwa mzito, ananuka unga na mafuta ya nazi. Tukaenda kliniki kwa miguu watatu sisi, tukakaa kwenye benchi pamoja na mama wengine, na zamu yetu ilipofika nikamweka mapajani, mkono wake mmoja kwapani mwangu, mwingine nimeushika hivi. Sindano ikaingia. Fahmi akanitazama kwa mshangao, kama anayesema hata wewe, bibi? Akaangua kilio, akanishika sikio akalivuta kwa nguvu zake zote. Na mie nikalia kwa sauti kuliko yeye, mbele ya kliniki nzima ya watu wazima, na sikujali.

Mwanabaraka akafumbua macho, akatucheka sote wawili mpaka akashika ukuta. Akamfuta Fahmi machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akanifuta na mimi.

"Twende nyumbani, mama," akasema. Mtoto hakumchukua. Aliniachia nimbebe njia nzima.